Gauni la jioni la mwanasesere wa sentimita 29: kiuno kinavimba, kifua kinateremka, sketi inasimama kama mwavuli

UziMwembamba (Kisumu)

Hamjambo wadau. Ninashona gauni la jioni la mwanasesere wa kimo cha Barbie, nikifuata mtindo wa gauni la Junon la mbunifu wa Paris Christian Dior la mwaka 1949: kifua kisicho na mikanda ya mabegani, kiuno kilichobanwa, na sketi pana iliyofunikwa kwa petali zinazolaliana. Vipimo vyake kwa sentimita: kifua 13, kiuno 9, nyonga 13, kutoka kiunoni hadi sakafuni akiwa na viatu 20.5.

Kitambaa ni satini nzito ya polista, ile ya magauni ya maharusi. Bitana ni satini hiyo hiyo. Sketi ina upana wa 60, imevutwa marinda na kushonewa kiunoni. Matokeo: mshono wa kiuno umevimba karibu nusu sentimita, utadhani mtoto wa watu kajifunga leso tatu. Sketi haianguki, imesimama kama mwavuli. Kifua kinateremka, na ukingo wake wa juu unaachana na mwili hapo mbele. Petali nilizishona mbili mbili nikazigeuza, zikatoka nene kama sponji. Juu ya hayo, cherehani (ya umeme, ya zigizaga) inameza kitambaa kila nikianza mshono.

Nianze kurekebisha wapi? Au nitupe nianze upya?

Bi_Bitana (Nakuru)

Anza upya, dada, lakini usitupe. Satini hiyo itakufaa kwa viatu na mikoba.

Matatizo yako yote yana mzizi mmoja. Huyu ni karibu sehemu ya sita ya mtu mzima. Paterni unaweza kuigawanya kwa sita, kitambaa hakigawanyiki. Satini ya unene wa milimita 0.4 mwilini mwa mwanasesere ni sawa na mtu mzima kuvaa kitambaa cha milimita 2.4, na hilo tunaliita blanketi. Halafu sketi ndogo haina uzito wa kujivuta chini, kwa hiyo ugumu wa kitambaa unashinda uzito wake, ndiyo maana inasimama. Na ukiangalia picha za wale wanasesere wa waya wa Théâtre de la Mode, waliovalishwa na nyumba za mitindo za Paris mwaka 1945, kumbuka kimo chao ni karibu sentimita 70. Kile kinacholala vizuri kwao hakitalala kwa huyu wako wa 29.

Kujaribu kitambaa ni rahisi. Kata kipande cha 10 kwa 10, kishike kwa pembe moja tu. Kikianguka na kujikunja kama mwavuli uliofungwa, kinafaa. Kikibaki kimetanuka kama chapati, kirudishe kabatini. Hariri nyembamba ya skafu hupita jaribio hili, polista laini ya blauzi nyingi hupita, satini ya maharusi haipiti hata siku moja.

Bitana: kifuani tu. Tumia pamba nyembamba ya kitambaa cha mkono, au neti laini kama ile ya shela. Sketi isiwe na bitana.

Kiuno. Usivute marinda. Upana wa 60 kuingia kwenye 9.5 ni zaidi ya mara sita. Satini haitaki kupita mara mbili, pamba nyembamba mara tatu. Kata sketi ya mviringo badala yake, upana upatikane chini bila kuongeza kitu kiunoni. Chukua kiuno 9 uongeze nusu ya kupumulia, 9.5. Kwa nusu mviringo gawanya kwa 3.14, nusu kipenyo ni sentimita 3. Kwa mviringo kamili gawanya kwa 6.28, ni 1.5. Kwa petali ningechagua nusu mviringo, maana petali zenyewe zitajaza. Kipande cha 50 kwa 26 kinatosha.

Mgongoni acha wazi sentimita 6 chini ya kiuno, la sivyo nyonga ya 13 haitapita kwenye kiuno cha 9.5. Watu husahau hili, kisha wanapasua mshono wakimvalisha.

Wakati wa kuunganisha kifua na sketi, shona kitambaa cha nje peke yake. Bitana ya kifua iache huru, uikunje ndani na kuishikiza kwa mkono juu ya mshono mwishoni. Baada ya kushona, punguza upande wa sketi ubaki milimita 3 na upande wa kifua 4, zisiishie mahali pamoja. Mshono wote uelekeze juu, kifuani. Ukiuelekeza chini unaisukuma sketi nje, na mwavuli unarudi.

Petikoti iwe kitu cha pekee kabisa. Kata ukanda wa pamba nyembamba unaobana kutoka kiunoni hadi sentimita 2.5 chini yake, kisha neti yenye marinda ianzie hapo chini ya ukanda. Uvimbe wa marinda unakaa nyongani ambako sketi tayari imepanuka, haugusi kiuno.

FundiWaKibuye (Kisumu)

Mama Bitana kamaliza upande wa kitambaa, mimi niongeze cherehani.

Cherehani ya zigizaga ina tundu pana kwenye bamba la chini, kwa sababu sindano inahitaji nafasi ya kwenda kushoto na kulia. Kitambaa chepesi kinasukumwa na sindano ndani ya tundu hilo, kinakwama. Ile cherehani nyeusi ya kukanyaga au ya mkono, inayoshona mshono mnyoofu tu, ina tundu dogo la duara, na ndiyo bora kwa kazi hii. Ya mkono hata zaidi: unashona tone moja (pitio moja la sindano), unasimama, unageuza kona, unaendelea. Stima ikipotea haikuhusu.

Kama huna, fanya hivi. Sindano namba 60/8 au 65/9, mpya. Namba 90/14 iliyozoeleka madukani inaacha matundu yanayoonekana kwenye hariri. Weka chini ya kitambaa karatasi laini nyeupe kama ile inayofunga viatu vipya, shona vyote pamoja, kisha ichane karatasi taratibu ukishika mishono kwa kidole. Usitumie gazeti, wino wake unahamia kwenye kitambaa cheupe. Mwanzo wa mshono shika nyuzi zote mbili, ya juu na ya chini, uzivute nyuma kwa tone tatu za kwanza. Usirudishe cherehani nyuma kufunga mshono, funga fundo kwa mkono. Urefu wa tone uwe milimita 1.5; kama cherehani yako inahesabu tone kwa inchi, ni karibu 17. Tone la 2.5 kwenye mzingo wa kifua linatoka na pembe pembe.

Kitambaa. Soko la Kibuye, mitumba, Jumapili. Usitafute kwenye magauni, tafuta kwenye skafu, nguo za ndani za kulalia, blauzi za wanawake na tai za wanaume. Tai ya hariri ukiifumua mgongoni na kutoa ule moyo mzito wa ndani, unabaki na kitambaa kilichokwisha kukatwa kwa mshazari, sehemu yake pana karibu sentimita 18. Kwa kifua na mikanda inatosha sana. Kujua kama ni hariri, chomoa nyuzi chache uzichome juu ya beseni la maji: hariri inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika kidoleni, polista inayeyuka na kuacha punje ngumu.

Neti ya chandarua usiiguse. Matundu yake yakizidishwa mara sita yanakuwa kama wavu wa goli, na vyandarua vingi vimetiwa dawa ya kuua mbu.

Na kwa kuwa uko Kisumu: mshipi wa kuvulia samaki. Pindo la petikoti likikataa kukaa wazi, kunja upindo wa milimita 3 juu ya mshipi wa nailoni wa unene wa 0.4, ushone kwa mkono tone za karibu karibu zinazouzunguka bila kuutoboa. Kisha usambaze kitambaa, ukivutie kidogo kwenye mshipi, kitajipinda mawimbi chenyewe. Mshipi ukitoka kwenye kibiringo unakuwa umejikunja, utie kwenye maji moto dakika chache na uunyooshe kwanza. Ncha zake ziguse moto kidogo zijifunge kuwa punje, maana ncha kali inachora miguu ya mwanasesere. Mshipi wa 0.8 usijaribu, petikoti itageuka kuwa tairi.

Mgongoni weka velkro nyembamba, kazi kwisha.

Kakamega_Mkasi

Nakubaliana na Fundi kwa yote isipokuwa velkro. Velkro nyingi zikifungwa zina unene wa zaidi ya milimita moja na nusu, ukizidisha kwa sita umembebesha mtu kitabu mgongoni. Inanasa nywele na inararua neti. Tumia vifungo vya kubonyeza vidogo kabisa, vya milimita 5, au shanga za milimita 3 upande mmoja na vitanzi vya uzi upande wa pili. Mgongo wa kifua kisicho na mikanda una urefu wa karibu sentimita 4, shanga tano zinatosha zikiachana milimita 8. Kitanzi: pitisha uzi mara tatu, kisha uuzungushie tone za tundu la kifungo. Kitanzi kiipite shanga kwa shida kidogo. Kikiipita kwa urahisi, kitajifungua.

Sasa kifua. Kinateremka kwa sababu kinabeba sketi na hakuna kitu kinachokishika kiunoni. Magauni ya aina hii ya mafundi wa Paris huwa na utepe wa ndani unaofungwa kiunoni peke yake, kabla ya gauni kufungwa. Huo ndio unaobeba uzito, kifua kinabaki kazi ya kukaa tu. Kwa mwanasesere tumia utepe wa milimita 5, urefu wa kiuno kamili (9, si 9.5) na nusu sentimita ya kukunja kila ncha. Ushikize kwenye mishono ya wima tu, tone mbili mbili, usiushone kuzunguka. Funga kwa kulabu ndogo.

Ukingo wa juu unaachana na mwili kwa sababu ulivutika wakati wa kushona, maana hapo kitambaa kimekatwa mzingo na sehemu yake iko mshazari. Kata utepe wa upana wa milimita 3, urefu wake upungue milimita 4 kulinganisha na ukingo, uushone ndani ya nafasi ya mshono (kile kitambaa cha ziada nje ya mshono) upande wa bitana, ukikusanya ukingo taratibu uingie kwenye urefu wa utepe. Kupungua huko usikugawe sawasawa. Kuweke sehemu ya juu ya matiti na kwapani, katikati mbele acha bila kukusanya.

Paterni usikopi ya mtu, kila mwili wa mwanasesere una vipimo vyake. Wenye viungo vya kukunjika na wa zamani hawalingani hata kama kimo ni kimoja. Mfunge kifua na kiuno kwa nailoni ya kufungia chakula, tabaka moja. Juu yake bandika selotepu ya karatasi iliyokatwa vipande vifupi vya upana wa sentimita 1, tabaka mbili, moja wima moja ya kulala. Chora kwa kalamu: katikati mbele, katikati nyuma, ubavu, kiuno, ukingo wa juu, na mstari unaoshuka kutoka ukingo wa juu kupitia kilele cha titi hadi kiunoni. Kabla ya kukata, weka alama fupi zinazokatisha kila mstari, moja kwenye titi na moja chini yake. Bila alama hizo hutajua vipande vinakutana wapi. Pasua katikati nyuma, mvue, kata kwenye mistari. Kila kipande kinapaswa kulala mezani. Kisipolala, mstari wako haukupita kwenye kilele.

Ongeza milimita 5 ya mshono kila upande na 8 mgongoni. Jaribu kwanza kwa shuka kuukuu.

Kushona mzingo wa titi ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Kipande cha pembeni kina tumbo, cha katikati karibu kimenyooka. Usikate vipande kwanza. Chora mstari wa mshono kwenye kitambaa kwa penseli, acha kitambaa cha ziada pande zote, na ukate baada ya kushona popote inapowezekana. Kwenye mshono huu haiwezekani, kwa hiyo piga bandi kwa mkono: chana nafasi ya mshono ya kipande cha katikati, kila milimita 3, kuelekea mstari lakini usiufikie, ili kifunguke na kulizunguka tumbo la mwenzake. Piga bandi ya tone fupi, ndipo upitishe cherehani, kipande chenye michano kikiwa juu ukione. Ukishona bila bandi kitambaa cha chini kinabaki nyuma na unapata kikunjo kidogo kwenye titi ambacho pasi haikiondoi.

Pasi: fungua mshono juu ya mpini wa mwiko uliofungwa kitambaa cha pamba. Moto mdogo, na kitambaa kingine katikati. Pasi ya makaa hapana, haipimiki na cheche moja inamaliza gauni zima.

UziMwembamba (Kisumu)

Asanteni sana. Nimepata blauzi ya polista inayoanguka vizuri, imepita jaribio la chapati. Nimetumia cherehani ya mkono, haimezi tena. Paterni ya selotepu imelala yote isipokuwa kipande kimoja cha nyuma, nikairudia.

Lakini sketi: kwa majaribio nilikata mviringo kamili, tundu la katikati nusu kipenyo 1.5 kama Mama alivyosema. Nimeshona kiunoni milimita 5 ndani, na sasa kiuno cha sketi kinazidi kifua kwa sentimita 3 nzima! Nimepima mara mbili. Hesabu iko wapi?

Bi_Bitana (Nakuru)

Hesabu ni sahihi, dada, ulichokosea ni mahali pa mkasi. Ile 1.5 ni mstari wa mshono, si mstari wa kukata. Ulipokata kwa 1.5 na kushona milimita 5 ndani ya kitambaa, mshono ulihamia kwenye nusu kipenyo cha 2. Mbili mara 6.28 ni 12.6, toa 9.5, hizo hapo sentimita zako 3. Kwa gauni la mtu kosa la milimita 5 linafichika, kwa huyu ni theluthi ya kiuno.

Kata kwa 1, shona kwa 1.5. Kwa nusu mviringo kata kwa 2.5, shona kwa 3. Kisha chana nafasi ya mshono kila milimita 4, maana ukingo wa 1 hauwezi kulala kwenye mstari wa 1.5 bila kuchanwa. Ningekulaumu kwa kutochana, lakini kosa la kwanza ni langu kwa kutosema.

Hiyo uliyokata usiitupe. Inafaa kuwa tabaka la pili la gauni jingine, ukianzia nyongani badala ya kiunoni.

Jambo jingine: mviringo wowote una sehemu zinazoangukia mshazari, nazo hurefuka. Ukimaliza kiuno, mtundike mwanasesere na sketi yake usiku kucha kabla ya kukata upindo. Asubuhi msimamishe mezani, pima kutoka mezani kwenda juu kwa rula, weka alama kuzunguka, ndipo ukate.

ShangaNaUzi (Bungoma)

Habari za saa hizi. Naingilia petali, maana naona zimeachwa.

Usizigeuze. Petali ya kugeuza ina tabaka mbili katikati na nne kingoni, hapo ndipo sponji inapotoka. Tumia tabaka moja ya oganza ya polista, ile ya mapazia mepesi, na ukingo uufunge kwa moto wa mshumaa. Ipitishe kando ya mwali, si juu yake, umbali wa sentimita moja, bila kusimama. Ukingo unayeyuka na kuwa mstari mwembamba unaong'aa. Ukikaribia mno unakuwa kahawia, na kwa nyeupe hakuna dawa, unakata upya. Fanya dirishani penye hewa, na beseni la maji karibu. Oganza ya hariri haiyeyuki, inaungua tu, kwa hiyo ifanyie lile jaribio la Fundi kwanza.

Idadi kwa nusu mviringo wa vipimo vyako: petali 21, safu tatu.

Safu ya chini: petali 9, urefu 8.5, upana 9 sehemu pana, zikishikizwa sentimita 12 chini ya kiuno. Hapo mzunguko ni karibu 47, kwa hiyo vilele vyake, yaani ncha za juu zinazoshikizwa, vinaachana sentimita 5 na kidogo.

Safu ya kati: petali 7, urefu 8.5, upana 7.5, sentimita 6 chini ya kiuno. Mzunguko 28, vilele vinaachana 4.

Safu ya juu: petali 5, urefu 8, upana 6, vilele vimepunguzwa hadi upana wa sentimita 1. Hizi tu ndizo zinazoingia kwenye mshono wa kiuno, na kwa kuwa ni tabaka moja ya oganza zisizolaliana pale juu, hazivimbishi.

Anza na safu ya chini upande juu, sketi ikiwa bado imelala mezani kabla ya kufunga mshono wa nyuma. Petali moja ya kila safu inayokaa juu ya mshono huo iache, uishone baada ya mshono kufungwa. Petali ya safu ya juu inayoangukia kwenye ufunguzi ishone upande mmoja tu, ule wa pili uishike kwa kifungo cha kubonyeza, la sivyo umeushona mlango.

Mng'ao. Junon ina puleki (visahani vidogo vinavyong'aa) kingoni mwa petali, na hapo ndipo wengi wanapozidisha. Puleki ya milimita 4 kwa huyu ni ya sentimita 2.4 kwa mtu. Shanga za mapambo ya Kimasai zinazouzwa kwa kamba, nyingi ni milimita 2 hadi 3, yaani sentimita 1.2 hadi 1.8, gololi. Tafuta shanga namba 15/0, milimita 1.5. Ukikosa, vumbi la kumetameta la saluni za kucha linafanya kazi vizuri: pakaa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, mstari wa milimita 2 ukingoni, nyunyiza, kung'uta, acha ikauke saa chache. Kisha mara ya pili, milimita 5 kutoka ukingoni, nyunyiza kidogo tu, ili mng'ao ufifie kuelekea katikati badala ya kukatika ghafla. Ukingo wenye mstari mmoja mnene unaonekana kama kadi ya Krismasi.

Rangi ya kucha isiyo na rangi watu huitumia kuzuia nyuzi zisifumuke. Kwa pamba na polista sawa, japo inakauka ngumu na inakwaruza. Kwa bitana ya asetati, kitambaa cha kiwandani kinachong'aa kama hariri, ni hatari, kimiminika chake kinaiyeyusha na unabaki na tundu. Baadhi ya bitana za makoti ya mitumba ni asetati. Ile gundi nyeupe iliyopunguzwa haina shida hiyo.

FundiWaKibuye (Kisumu)

Velkro naiondoa, Mkasi. Ila mwenye mtoto wa miaka mitano anayemvalisha mwanasesere mwenyewe, vitanzi vya uzi vitamliza. Gauni la kabati na gauni la kuchezea si kazi moja.

Kakamega_Mkasi

Hapo umenishinda. La kuchezea weka vifungo vya kubonyeza viwili vikubwa kidogo, na utepe wa kiuno uache kabisa.

UziMwembamba (Kisumu)

La kwangu ni la kabati. Sketi ya nusu mviringo imekaa kiunoni bila uvimbe, na utepe wa ndani umekishika kifua; nikimgeuza kichwa chini hakitoki. Oganza niliyoipata ni ya buluu iliyokoza sana, na sketi ya chini nimeipatia kitambaa cha rangi hiyo hiyo. Nimesikia rangi nzito huhamia kwenye mwili wa mwanasesere. Nikiloweka kwa chumvi na siki itashika?

Bi_Bitana (Nakuru)

Chumvi na siki haviaminiki. Siki haishiki rangi ya kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi kiwandani, na chumvi hutumika wakati wa kutia rangi pamba, si baada. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni hadi maji yatoke meupe, kisha jaribu: lowesha kitambaa cheupe cha pamba, kibane pamoja na kipande cha oganza na kipande cha kile cha chini, ukitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, uache mahali pa joto siku mbili. Kikitoka cheupe, endelea. Kikipata buluu hata kidogo, badilisha kitambaa.

Hata kikipita, bitana ya kifua iwe nyeupe, na petikoti nyeupe ishuke hadi chini ya magoti, kwa sababu miguu ndiyo inayodhurika zaidi: ni plastiki laini na inanyonya rangi. Kisumu na joto lake, usimwache amevaa gauni hilo miezi. Mvue, lihifadhi limelala kwenye karatasi nyeupe.

ShangaNaUzi (Bungoma)

Na kama doa limeshaingia, krimu ya chunusi yenye benzoyl peroxide asilimia 10 hulitoa pole pole: pakaa juu ya doa tu, funika kwa nailoni, weka juani, futa na urudie siku kadhaa. Inaondoa rangi ya kitu chochote inachokigusa, kwa hiyo gauni liwe chumba kingine. Usoni usipake kabisa, utaondoka na midomo na nyusi.